Nimeomba kazi 212 ugenini: je, tatizo ni mimi?

Swali: "Shikamoo mama. Nina miaka 31. Nyumbani nilikuwa mhasibu kwa miaka 5, nikaja huku kusoma shahada ya uzamili, nikahitimu miezi 9 iliyopita. Tangu hapo nimeomba kazi 212. Nimeitwa kwenye usaili mara 3 tu, na mara zote hakuna aliyeniambia hata kwamba nimekosa. Usiku nabeba maboksi ghalani ili nilipe kodi. Kibali changu kinaisha baada ya miezi 7. Wenyeji niliosoma nao wote wameshaajiriwa, na mmoja wao ni mimi niliyekuwa namwelekeza kabla ya mitihani. Niambie ukweli: tatizo ni makaratasi, ni jina langu, ni lugha, au ni mimi mwenyewe? Niendelee au nirudi? Naomba usitaje nchi niliyopo."

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaketi na lile jedwali uliloambatisha, mistari yote 212, kila mmoja na jina la mwajiri, tarehe, saa uliyotuma na saa uliyojibiwa. Nimeshauri wageni wanaotafuta kazi kwa miaka mingi, lakini jedwali la namna hiyo bado hunikaa kooni. Najua kila mstari pale ni usiku uliotoka zamu ukiwa hoi, ukakaa tena mbele ya kompyuta kumweleza mtu usiyemjua kwamba unafaa.

Umetaka ukweli. Umeuliza maswali manne kwa pumzi moja: makaratasi, jina, lugha, na wewe. Kila moja lina jawabu lake na dawa yake. Kinachowaumiza wageni wengi, nami kiliniumiza nilipokuwa natafuta, ni kwamba kimya cha mwajiri hakisemi kimetokana na nini. Basi mtu hukikusanya chote, akakipa jina moja: sifai. Nataka tukitenganishe hicho kimya, tuone kipi ni cha nani. Nchi yako sitaitaja. Nitachukua mifano ya huku na kule, na wewe utaona inayokuhusu.

Bila kujua umeniachia ushahidi mzuri sana kwenye safu ya saa. Katika majibu 118 ya kukataliwa uliyopata, 61 yalikuja ndani ya saa moja. Liko ombi ulilotuma saa 7:52 usiku, ukakataliwa saa 8:03. Dakika 11. Hakuna afisa ajira aliyeamka usiku wa manane akasoma kurasa zako 4, akaipima miaka yako 5 ya uhasibu, akaona haitoshi. Kilichotokea ni kwamba ndani ya fomu kulikuwa na swali, mara nyingi hukaa karibu na mwisho: "Je, sasa au baadaye utahitaji mwajiri akudhamini ili uruhusiwe kufanya kazi?" Ukajibu ndiyo, kama ilivyo kweli. Programu ya kompyuta inayopokea maombi imepangiwa kwamba anayejibu ndiyo anatolewa kwenye foleni. CV yako hakuna mtu aliyeifungua. Hao 61 hawakukukataa wewe, kwa kuwa hawakukutana nawe kabisa. Ukiwahesabu kama watu waliokupima wakakuona hafifu, unajidhulumu.

Hapa niseme jambo linalonikera. Siku hizi wapo wanaouza huduma ya "kuishinda programu", wanakwambia ujaze maneno ya tangazo kwa wino mweupe usioonekana kwa jicho chini ya ukurasa, au ulipe ili CV yako ipangwe upya. Usitoe hata senti. Kwa waajiri wengi programu hizo kazi yake kubwa ni kuhifadhi na kupanga maombi. Kinachomtoa mtu papo hapo ni yale maswali ya ndiyo na hapana ambayo binadamu ameyaweka: una kibali, una leseni ya taaluma, lugha umefika ngazi gani. Wino mweupe haujibu maswali hayo. Na nakusihi usijibu uongo. Nyaraka zako zitakaguliwa kabla hujaanza kazi, na uongo wa siku moja unaweza kukupotezea haki ya kukaa nchini.

Kwa nini mwajiri aweke swali hilo? Wengine ni ubaguzi uliovaa suti, nakubali. Lakini wengi wanakwepa gharama na sheria wasizozielewa. Tazama Uingereza: mwajiri anayetaka kumleta au kumbakiza mgeni kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi lazima awe na leseni ya udhamini, na mshahara ufikie kima kilichowekwa. Kima cha jumla kilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka. Aprili 2024 kikapandishwa hadi 38,700, na Julai 2025 hadi 41,700. Wahitimu wapya wana nafuu kidogo, hata hivyo nafasi ya kuanzia yenye mshahara wa pauni 30,000, ambayo Machi 2024 ilikuwa juu ya kima, Mei ilikuwa chini yake hata kwa nafuu hiyo. Mwombaji ni yuleyule na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni tarakimu kwenye karatasi ya serikali. Marekani nako viza za H-1B, zile za wafanyakazi wageni wenye taaluma, zina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 za ziada kwa wenye shahada za uzamili na kuendelea kutoka vyuo vya humo, na wanaozitaka huzidi idadi hiyo. Mwajiri mdogo akitazama hali hiyo, hujisemea bora nimchukue asiye na mlolongo.

Kwa hiyo geuza utaratibu wako. Wewe umekuwa ukianza na tangazo: unaona nafasi, unaomba, halafu unasubiri kujua kama wanadhamini. Anza na mwajiri anayeweza. Uingereza serikali inachapisha orodha ya waajiri wote wenye leseni ya udhamini na mtu yeyote anaweza kuipakua. Uholanzi idara ya uhamiaji ina daftari la wazi la wadhamini wanaotambuliwa. Marekani idara ya kazi na idara ya uhamiaji hutoa takwimu za waajiri walioomba kuajiri kwa H-1B. Nchi uliyopo ina orodha ya namna hiyo, nami nimekutumia kiungo chake kwa barua pepe. Nilichukua waajiri 30 wa mwisho kwenye jedwali lako nikawatafuta humo. Nimewakuta 7. Wale 23 wengine, hata ungekuwa mhasibu bora kuliko wote, wasingeweza kukubakiza kibali kikiisha bila kwanza kuomba leseni wasiyokuwa nayo. Umewapa usiku 23 wa usingizi wako.

Lipo na jingine kwenye makaratasi ambalo umelificha wakati ungepaswa kulitangaza. Sasa hivi, kwa miezi 7, unaruhusiwa kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Nchi nyingi huwapa wahitimu muda huo: Ujerumani miezi 18 ya kutafuta, Uholanzi mwaka mmoja, Uingereza miaka 2 ambayo itakuwa miezi 18 kwa wengi watakaoomba kuanzia Januari 2027. Marekani hutoa miezi 12, lakini ukikaa bila kazi zaidi ya siku 90 unaipoteza haki hiyo. Mwajiri wa kawaida hajui haya. Akiona shahada ya kwanza ya nchi ya mbali, hudhani kesho asubuhi ataanza kuhangaika na wanasheria. Andika mstari mmoja juu ya CV, chini ya jina: "Nina ruhusa kamili ya kufanya kazi hadi mwezi fulani, bila gharama yoyote kwa mwajiri." Fomu ikiuliza, jibu kweli. Lakini pale penye nafasi ya kuandika, andika. Mtu huogopa zaidi asichokijua.

Sasa jina. Nilitamani nikuambie jina si kitu, lakini ningekudanganya. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Chicago na Boston: CV karibu 5,000, zenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa ni majina tu. Zenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu zilipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Mwaka 2011 Philip Oreopoulos wa Toronto alitoa matokeo ya CV karibu 13,000 zilizotumwa katika jiji hilo, jiji lililojengwa na wahamiaji. Wenye majina ya Kihindi, Kipakistani, Kichina na hata Kigiriki waliachwa nyuma ya wenye majina ya Kiingereza, na waliokuwa na uzoefu wa nje ya nchi waliachwa nyuma pia. Kwa hiyo hujarukwa na akili. Unachokihisi kimepimwa.

Lakini utafiti huo wa Toronto una jambo jingine ambalo ndilo ninalotaka ulishike. Waajiri walipoulizwa, walisema wasiwasi wao ni lugha. Basi ungetegemea kwamba CV iliyoandikwa wazi "nazungumza lugha hii kwa ufasaha" ingewatoa wasiwasi. Haikuwatoa. Tofauti ilibaki palepale. Tafsiri yangu mimi, baada ya kuona mamia ya wageni wakipita mlango huo, ni kwamba karatasi haiwezi kuitetea sauti. Mtu akishaamua kichwani kwamba hutaelewana naye kwenye simu, sentensi ya CV haimgeuzi. Anageuzwa na kukusikia ukiongea, au na mtu anayemwamini aliyekusikia ukiongea.

Ndiyo maana nakuomba uache kutembeza bahasha usiku na uanze kutembeza sauti yako mchana. Najua neno "kujuana" linatutia kichefuchefu, kwa sababu kwetu limeshikana na upendeleo. Ninachosema ni tofauti. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wengi hupata habari za kazi kwa wale wanaofahamiana nao kwa mbali kuliko kwa rafiki wa karibu, maana rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua. Mwaka 2022 uchunguzi mkubwa uliohusisha watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ulielekea hukohuko. Mwenyeji huwa na watu hao wa mbali tangu utotoni: mwalimu wake wa zamani, jirani wa wazazi wake, kaka wa rafiki yake. Yule uliyekuwa ukimwelekeza kabla ya mitihani hakukushinda akili. Alikuwa na watu 200 wa mbali, wewe una 6, na wote 6 ni wageni wanaotafuta kazi kama wewe.

Watu hao wanajengwa, na hawajengwi kwa kuomba kazi. Tafuta wahitimu wa chuo chako waliotangulia mwaka mmoja au miwili, wanaofanya uhasibu kwa wale waajiri walioko kwenye orodha ya udhamini. Waandikie ujumbe mfupi, kwa lugha ya huko, wa namna hii: "Nilihitimu programu uliyosoma wewe, mwaka mmoja baada yako. Nimefanya kazi ya kufunga hesabu za mwezi kwa miaka 5 kabla ya kuja hapa. Ningependa kuelewa kazi hiyo inavyofanyika kwenu, hasa kabla ya ukaguzi. Je, unaweza kunipa dakika 20 za simu wiki hii au ijayo?" Basi, usiambatishe CV wala kutaja kwamba unatafuta. Wengi hawatajibu, na wachache watakaojibu watakuuliza wao wenyewe, kabla dakika 20 hazijaisha, kama unatafuta. Yule uliyemwelekeza awe wa kwanza. Unamdai shukrani, naye amekaa ndani ya kampuni. Kwa simu umeniambia unaona aibu kumwandikia. Mwandikie hivyohivyo na aibu yako.

Tumefika kwenye lugha, na hapa lazima niwe mkweli kwako zaidi, maana ndipo na wewe una sehemu yako. Cheti chako kinasema B2 kwenye ile ngazi ya Ulaya inayoanzia A1 kuishia C2. Kwa baadhi ya taaluma ngazi ndiyo mlango wenyewe: daktari mgeni anayetaka leseni Ujerumani hupimwa lugha ya kitabibu kwa kiwango cha C1, na muuguzi kwa kawaida hutakiwa B2. Uhasibu hauna mlango wa namna hiyo, kwa hiyo cheti chako kinatosha. Isipokuwa tulipozungumza kwa simu Jumapili nilifanya jambo bila kukwambia. Nilikuuliza, kwa lugha ya huko, "Nieleze kuhusu wewe," na nikatazama saa. Ulianza na mwaka uliozaliwa. Ukaja shule ya msingi, kisha sekondari, kisha kwa nini ulichagua biashara. Ilipita dakika 4 kabla sijasikia neno uhasibu, na sauti yako ilikuwa ya mtu anayesoma orodha.

Baadaye nikakuuliza, kama mazungumzo tu, kitu gani kilikusumbua zaidi kazini nyumbani. Ukabadilika. Ukanieleza ule mwisho wa mwezi ambapo daftari na taarifa ya benki vilipishana kwa 5,400, wenzako wakaanza kupekua risiti moja moja, na wewe ukaitazama ile tofauti ukaona inagawanyika kwa 9 bila baki. Ukajua mtu amegeuza tarakimu. Ukatafuta kiasi ambacho kikigeuzwa kinatoa 5,400, ukakuta 2,800 iliyoandikwa 8,200, robo saa kazi imeisha. Ulikosea sarufi mara mbili katika simulizi hiyo na wala sikujali. Kama ningekuwa natafuta mhasibu, ningekuajiri kabla hatujakata simu.

Kwenye CV yako tukio hilo limeandikwa hivi: "Nilikuwa na jukumu la kufanya usuluhishi wa benki." Kila mhasibu duniani ameandika mstari huo. Andika: "Nilisuluhisha akaunti 9 za benki kila mwezi kwa kampuni ya usambazaji yenye matawi 6 na wafanyakazi 140, nilipunguza muda wa kufunga mwezi kutoka siku 12 hadi 7." Tarakimu hizo umenipa wewe mwenyewe kwa mdomo. Kampuni uliyofanyia kazi hakuna anayeijua huko, na jina lake pekee halimwambii msomaji kama ilikuwa duka la watu wawili au kampuni kubwa; matawi 6 na wafanyakazi 140 yanamwambia. Kurasa 4 zishuke hadi 2. Picha, tarehe ya kuzaliwa, dini na hali ya ndoa vinatakiwa au vinakataliwa kutegemea nchi: Marekani, Uingereza na Kanada usiviweke kabisa, Ujerumani waajiri wengi bado wamezoea picha, na Japani fomu ya kawaida ya wasifu ina kisanduku cha picha. Fuata ya hapo ulipo, usifuate ya nyumbani.

Swali la "nieleze kuhusu wewe" ndilo lililokuangusha mara 3, nina hakika karibu kamili. Wanaouliza hawataki historia ya maisha. Wanataka dakika moja na nusu: unafanya nini sasa, umefanya nini kinachofanana na kazi yao, kwa nini umewafuata wao. Ile habari ya tisa iingie katika dakika ya kwanza. Jifunze kuisimulia kwa lugha ya huko hadi iwe nyepesi mdomoni, mwambie mwenyeji mmoja akusikilize, ujirekodi kwenye simu. Usiikariri neno kwa neno, maana kukariri ndiko kulikokupa ile sauti ya orodha.

Kuhusu vyeti sitakaa sana, kwa sababu shahada ya uzamili ya huko imeshakufungulia sehemu kubwa. Shahada yako ya kwanza ikisumbua, ipeleke kwa chombo kinacholinganisha vyeti vya nje: Ujerumani ni ZAB, Uingereza ni UK ENIC, na kwa Marekani na Kanada wengi hutumia WES. Kwa mhasibu, lakini, kuna kitu kinachovuka mipaka kuliko shahada, nacho ni uanachama wa bodi ya taaluma. ACCA, kwa mfano, inadai miezi 36 ya uzoefu, na haijalishi umeupata nchi gani. Hata wa kabla ya kujiandikisha unaweza kuhesabiwa msimamizi wako akiuthibitisha, na shahada ya uhasibu mara nyingi hukusamehe baadhi ya mitihani. Miaka yako 5 ambayo waajiri wanaiona kama haipo, pale ina thamani. Ukiandika "nimesajiliwa, nimebakiza mitihani kadhaa", mwajiri anaona kitu anachokijua.

Ile hoja ya "huna uzoefu wa hapa" najua imekuuma, umeiandika mara nne kwenye jedwali lako. Ni kauli ya dhuluma, na zipo serikali zilizoanza kuitazama hivyo. Jimbo la Ontario, Kanada, limepiga marufuku kuanzia Januari 2026 waajiri wenye wafanyakazi 25 na kuendelea kudai "uzoefu wa Kanada" kwenye matangazo ya kazi. Sheria hizo hizo zinawataka wamjulishe kila aliyefanyiwa usaili, ndani ya siku 45, kama uamuzi umeshafanyika. Nilipozisoma nilikaa kimya muda mrefu. Mimi niliwahi kufanyiwa usaili mara 3 na mwajiri mmoja, nikapewa kazi ya kufanya nyumbani iliyonichukua siku mbili, nikaambiwa "tutakujulisha wiki ijayo", na hadi leo sijajulishwa. Nilikaa wiki 6 sijaomba popote, nikingoja simu. Wiki hizo ndizo ninazozijutia, kuliko kazi yenyewe. Wewe fanya hivi: baada ya usaili andika shukrani siku inayofuata, baada ya siku 7 za kazi ulizia mara moja kwa adabu, kisha funga mstari huo kwenye jedwali na uendelee.

Kazi ya ghala usiionee aibu, na usiifute kwenye CV. Pengo la miezi 9 linaulizwa maswali mabaya kuliko ghala. Tena kuna kitu hujakiona. Una mwajiri tayari. Ana nakala ya kibali chako, anajua unafika kwa wakati, na ghala lina bidhaa zinazohesabiwa. Kuhesabu bidhaa na kulinganisha na vitabu ni kazi ya uhasibu. Muulize msimamizi wako ni lini hesabu kubwa ya mali, na kama ofisi ingehitaji mkono wa mtu aliyewahi kuifanya. Wengi niliowaona wakitoka kwenye maboksi kuingia ofisini waliingia kwa mlango wa ndani, na nafasi hizo mara nyingi hutangazwa ndani kabla hazijatoka nje.

Neno moja kuhusu yule "wakala" uliyenitajia kwa simu, aliyekwambia ukimlipa atakupatia mdhamini. Kimbia. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema kwa ujumla wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi, na nchi nyingi zina sheria zake za kukataza kuuziana nafasi ya udhamini. Anayelipwa kwa kweli analipwa na mwajiri. Ukinunua udhamini wa kampuni hewa, siku kampuni ikifutiwa leseni ni wewe utakayepewa barua ya kuondoka.

Niendelee au nirudi? Swali hili usilijibu usiku baada ya zamu. Lijibu kwa kalenda. Kibali kina miezi 7. Mchakato wa kuajiri huchukua miezi miwili hivi, na maombi ya viza mpya wiki kadhaa baada ya hapo. Ina maana, ukihesabu kuanzia sasa, mkataba unatakiwa uwe mkononi mwisho wa mwezi wa 5, na usaili wa maana uwe umeanza mwezi wa 3. Kwa hiyo jipe miezi mitatu ya kutafuta kwa namna hii mpya: maombi 5 kwa wiki, yote kwa waajiri wa kwenye orodha, na simu 3 za dakika 20 kila wiki. Mwezi wa 3 ukiisha na umeitwa mara 5 au 6, mlango unafunguka, kaza. Ukiisha hujaitwa kabisa, anza kuomba na nyumbani kwa wakati uleule, hasa kwa kampuni zenye ofisi pande zote mbili, ukiwa bado na kazi na akiba kidogo. Anayerudi akiwa na barua ya ajira mfukoni na anayerudi kwa sababu siku zimeisha hawapandi ndege moja, hata wakikaa viti vya jirani.

Ijumaa nitumie CV ya kurasa 2 na majina 15 ya waajiri uliyoyatoa kwenye orodha ya udhamini. Jumapili saa 10 jioni nitakupigia, nitakuuliza tena "nieleze kuhusu wewe", na safari hii utajua kwamba natazama saa.